Gari Linaunguruma Lakini Haliondoki: Utatuzi wa Matatizo ya Daladala na Mwendokasi

Kabla hujagusa tatizo lolote hapa chini, hakikisha mambo matatu: begi limehamia kifuani, simu imetoka mfuko wa nyuma, na una hela ndogondogo. Matatizo mengi ya usafiri wa Dar es Salaam hayatibiki kwa noti ya elfu kumi saa kumi na mbili asubuhi.

Kisha elewa mfumo, maana bila hivyo utaishia kumtukana konda bure. UDA, shirika la mabasi ya Dar es Salaam, ilipozidiwa na mji, mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, na tangu hapo daladala linaendeshwa na kitu kimoja: hesabu. Tajiri, yaani mwenye gari, anamkabidhi dereva gari alfajiri, usiku anataka hesabu yake, kiasi walichopatana, iwe mvua iwe jua, iwe foleni ya Tazara au msafara wa kiongozi. Mafuta juu ya dereva. Faini ya trafiki juu ya dereva. Mpiga debe naye ana chake. Kinachobaki ndicho wanachogawana suka, yaani dereva, na konda; mshahara hakuna. Kwa hiyo dalili yoyote utakayoiona, jiulize kwanza: hii inasaidiaje hesabu? Jibu likipatikana, chanzo umekijua. Likikosekana, labda kweli gari ni bovu.

Gari linaunguruma lakini haliondoki

Uko stendi, tuseme Makumbusho. Umeitwa "Posta, Posta, siti hizo!", umeingia, umekaa dirishani. Injini inaunguruma. Gari linasogea mbele, moyo unatulia, halafu linarudi nyuma palepale lilipokuwa. Huo haukuwa mwendo, yalikuwa matangazo: linasogezwa ili walio nje wadhani linaondoka, wakimbilie.

Chanzo ni siti tupu. "Wawili tu twende" ya mpiga debe haifuati hesabu ya darasani. Wakiingia wawili, wanabaki wawili. Na wale vijana waliokaa siti ya nyuma wakijifanya wana haraka kuliko wewe, watazame vizuri. Gari likikaribia kujaa, watashuka kimya kimya na kuhamia la nyuma yake kuendelea na kazi.

Namna ya kupima: achana na injini, mtafute dereva. Dereva akiwa chini, kijiti mdomoni, anabishana na wenzake habari za Simba na Yanga, gari haliendi popote hata liungurume vipi; huyo anayekanyaga mafuta ni deiwaka, dereva wa kushikia tu. Kipimo cha uhakika zaidi ni mpiga debe. Yeye hapewi chake mpaka gari lijae, kwa hiyo ukiona konda anamhesabia sarafu pale mlangoni, na mpiga debe analalamika kuwa ni kidogo, funga mkanda kama upo. Mnaondoka.

Tiba kwa mwenye haraka ni kutembea hadi kituo cha mbele, ulidake likiwa limeshajaa. Utasimama, ila utasimama ukienda. Anayetaka siti anunue karanga avumilie. Kumwambia konda "tunachelewa jamani" hakusaidii kitu. Atakujibu "Twende sasa hivi, mama" kwa upole kabisa, kisha atageuka kuendelea kuita Posta.

Gari linafika mwanzo wa ruti likiwa limejaa tayari

Hii ni ya jioni, na humchanganya sana mgeni. Umesimama Kariakoo, pale ruti inapoanzia, gari linaingia, hashuki mtu, na siti zote zina watu. Wametoka wapi?

Wamegeuza nalo. Walilipandia vituo vya nyuma lilipokuwa linakuja mjini, wakafika nalo mwisho, wakabaki wamekaa. Konda hana neno, kwa sababu kila mmoja atalipa mara mbili. LATRA, mamlaka inayopanga nauli, ilipopandisha nauli Desemba 2023, ruti isiyozidi kilomita 10 ilifika shilingi 600; kwa nauli hiyo ukigeuza nalo unatoa 1,200, nusu ya kusafiri na nusu ya kukaa. Wanaosema ni ghali hawajawahi kusimama wameinamisha shingo kwenye Hiace kuanzia mwanzo wa foleni mpaka mwisho wake.

Ukishindwa kugeuza, kuna dirisha. Mbagala Rangi Tatu ndiko chuo kikuu cha fani hii: mguu kwenye tairi, mikono kwenye fremu, kichwa kinatangulia, na mzee aliyekaa ndani anakuvuta mkanda kukusaidia huku anakusema. Kwa ambao miili yetu imekataa, kuna kurusha kitu. Leso, kofia, daftari, chochote kikitua kwenye siti, siti ina mwenyewe. "Hapo pana mtu." Sheria hii haijaandikwa popote na inatiiwa na watu wasiotii taa nyekundu. Sharti lake moja: usirushe kitu utakachokililia, maana gari linaweza kuondoka na kofia wewe ukiwa bado unasukumana mlangoni.

Chenji haionekani

Tazama mkono wa konda. Noti zimekunjwa kwa urefu na kupachikwa katikati ya vidole, kila thamani na kidole chake. Sarafu ziko kiganjani, anazichezesha mbele ya uso wako, cha-cha-cha. Hiyo ndiyo lugha ya kudai nauli. Maneno anayahifadhi kwa ajili ya wabishi. Umetoa elfu tano. "Chenji yako baadaye, dada." Hapo tatizo limezaliwa.

Vyanzo ni viwili na usivichanganye. Asubuhi kweli hana, kwa sababu kila mtu katoa noti aliyolala nayo. Baada ya saa nne anayo, ila kumbukumbu yake inafanya kazi upande mmoja. Katika gari lenye watu waliobanana mpaka mlangoni, anamjua kwa sura yule wa kona ya nyuma ambaye hajalipa. Wewe unayemdai amekusahau, na anashangaa kwa dhati ukimkumbusha.

Kuna aina ya tatu, ngumu kuliko zote: chenji ya ubia. Tuseme mko kwenye gari la Tabata kwenda Kariakoo. Dada katoa elfu tano, anko aliye pembeni yake katoa elfu mbili. Konda, akiwa mguu mmoja nje mlangoni, anamkabidhi anko noti moja ya elfu tano na sarafu za mia nane. "Ya kwako na dada hapo, mtagawana." Hesabu iko sawa kabisa: dada anadai 4,400, anko 1,400. Tatizo ni kwamba dada anashuka Buguruni, anko anaishia Kariakoo, na watu hawa hawajawahi kuonana. Njia pekee ni dada achukue ile elfu tano, amwachie anko zile mia nane na kumwongezea mia sita. Lakini dada angekuwa na mia sita, asingetoa elfu tano tangu mwanzo. Anko anasema "sasa tunafanyaje, mdogo wangu?" Dada anatoa simu, anaomba namba, anatuma kwa simu mia sita pamoja na makato. Mume wake jioni atauliza huyu ni nani aliyetumiwa mia sita, na ukweli hautaaminika.

Tiba: kama huna ndogondogo, toa noti yako kwa sauti. "Elfu kumi hiyo, konda!" Waliokaa jirani ni mashahidi wako, hata wakijifanya wanasinzia. Abiria wa Dar atajikausha kwenye mambo mengi, lakini chenji ya mtu ni kesi ya gari zima. Kituo chako kikikaribia, dai mara moja tu, utasikia sauti nene kutoka siti ya nyuma, ya mtu usiyemjua, "We konda, mpe mama chenji yake, unamchelewesha!" na chenji iliyokuwa haipo itakuwepo.

Gari linaishia kabla ya mwisho

Ubao wa mbele umeandikwa Kinyerezi. Gari limefika Segerea, konda anapiga bodi. "Mwisho hapa, gari inageuza. Wa Kinyerezi nawafaulisha."

Kufaulisha ni kukuhamishia gari jingine na kukulipia huko. Hii ni kukata ruti, na hesabu inaieleza bila shida: walio ndani wamebaki wachache na wameshalipa, kule mjini vituo vimefurika. Kukupeleka kwenu ni kupoteza tripu. Kisheria hana pa kusimamia. Ruti imeandikwa mbele ya gari, na ubavuni umepakwa mstari wa rangi ya ruti hiyo ili hata asiyesoma ajue gari linakwenda wapi. Lakini usiku ukishaingia, wa kumsomea konda sheria hiyo hayupo barabarani.

Kuna dalili ya mapema ambayo wengi hawaitilii maanani. Jioni, konda akianza kukusanya nauli mara tu mlipopanda, kabla gari halijachanganya mwendo, ujue anajua kitu ambacho wewe hujui. Ndiyo maana wazoefu wa ruti ndefu hujifanya wanatafuta hela begini hadi wavuke pale gari linapopenda kugeuzia.

Likishasimama, msishuke mmoja mmoja. Anayefoka konda anammudu, wamezoeana. Asichokiweza ni gari lenye watu kumi na tano waliokaa kimya wanamtazama, kwa sababu muda unaokwenda ni wake. Hapo suka huwasha gari mwenyewe, kwa hasira, na mnafika Kinyerezi mkirushwa kila tuta.

Mkishindwa, kubalini kufaulishwa, ila usitoke mlangoni mpaka uone kwa macho hela ikitoka mkononi mwa konda wako na kuingia mkononi mwa konda wa pili. Vinginevyo mazungumzo yatakuwa hivi:

"Nauli, mjomba."

"Nimefaulishwa."

"Na nani?"

Hapo unageuka kuonyesha, na unachokiona ni taa nyekundu za nyuma zikirudi mjini. Hata ukilipiwa, jua umelipiwa pungufu ya nauli yako, na konda wa pili anakuhesabu hivyo hivyo, pungufu. Siti usiiulizie.

Konda haoni sare za shule

Katika nauli hizo za Desemba 2023, ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200. Weka 600 ya mtu mzima pembeni yake na ugonjwa wa macho wa konda umeuelewa. Mkono unavuka mlango: "Wanafunzi wawili tu, wengine la nyuma!" La nyuma nalo linasema la nyuma. Kumkataa mwanafunzi ni kosa, na konda analijua hilo, ndiyo maana hakatai. Anasema gari limejaa, huku kwa mkono mwingine anamvuta bibi mwenye ndoo aingie.

Watoto wana tiba zao: sweta juu ya shati la shule hata kama Februari inaunguza, na neno "mwanafunzi" halitamkwi mpaka gari limeshika mwendo. Konda atanuna, atasema "shuka kituo kinachofuata", hatamshusha. Lakini dawa yenye nguvu ni mtu mzima mmoja kusimama mlangoni na kusema hawa wanaingia kwanza. Inachukua nusu dakika. Hapa sina utani mwingi, maana mtoto aliyepitwa na magari asubuhi nzima anafika shule kachelewa na adhabu anapewa yeye, si konda.

Mwendo umebadilika ghafla

Limeanza kukimbia: lenzake la ruti hiyo hiyo limetokea nyuma na linataka kuchukua abiria wa kituo kinachofuata. Shika bomba, litapoa likishatangulia.

Limepunguza mwendo kiasi cha kupitwa na mkokoteni: nyuma hakuna lenzake, mbele hakuna abiria, linawasubiri watu watoke majumbani.

Limekata kona na kuingia uchochoroni kwenye mashimo, kuku wanakimbia: mbele kuna trafiki. Wakikosa uchochoro utasikia "mliosimama inameni!" na watu wazima wenye tai wanachuchumaa katikati ya magoti ya wenzao. Mwaka 2020, wakati wa korona, ilipoamriwa leveli siti, yaani watu waliokaa tu, kuchuchumaa huku kulifikia kiwango cha juu kabisa, na kuna watu nadhani walizoea.

Umesema "shusha" lakini hujashuka

Mara nyingi hukusema, ulinong'ona. Konda huuliza mara moja tu, "Kuna wa Sokota?", na kimya ni jibu, anapiga bodi, suka anapitiliza. Shida yetu ni adabu. Mtu amekaa nyuma kabisa, muziki uko juu, spika iko chini ya siti yake, naye anasema "samahani kaka, naomba unishushe hapo" kwa sauti ya kuagiza chai ofisini. Hapo hakuna atakayekusikia. Neno ni moja, "Shusha!", litoke tumboni, na litoke kituo kimoja kabla. Kama sauti huna, mwambie jirani yako mapema. Katika kila daladala yupo mama ambaye akisema shusha hata gari la jirani linafunga breki.

Ukipitilizwa, usilipie kurudi bila kubishana kwanza. Konda mwenye utu atakuvusha barabara na kukufaulisha kwenye linalorudi. Wapo, si wachache.

Unasubiri mwendokasi

Hapa geuza kila ulichosoma. Daladala linakuhitaji kupita kiasi, ndiyo maana linakusumbua. Dereva wa mwendokasi hana hesabu ya tajiri jioni, hana mpiga debe, hagombanii abiria na mtu. Hakuhitaji. Ugonjwa wake ni huo.

Huduma ya mabasi haya ya haraka ilianza Mei 2016: kilomita 20.9 za njia yake peke yake, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Foleni ya barabarani ikahamia kituoni. Dalili inayoumiza kuliko zote ni hii: mmejazana Manzese mnakwenda mjini, na upande wa pili yanapita magari marefu, matupu, taa zinawaka, hayasimami. Mtu wa kwanza kuguna atasema yanafichwa. Hayafichwi. Asubuhi mji wote unaelekea Posta, kwa hiyo gari likishamwaga watu huko linakimbizwa tupu Kimara kuchukua wengine. Likisimama kwako kila kituo litachelewa kule kwenye umati. Maelezo haya ni sahihi na hayapunguzi hasira hata kidogo.

Na likitoka Kimara limejaa, wa katikati mnalitazama kupitia kioo, sura za watu zimebanwa humo. Tiba ni ile ile ya daladala: wengi wa Shekilango na Ubungo hupanda lile linalosimama likienda Kimara kwanza, kisha wakarudi nalo mjini. Kugeuza hakujafa, kumehamia kwenye lami nzuri. Ukibaki kwako, simama wanaposimama wazoefu. Wanajua mlango utafungukia wapi.

Mvua ni sura nyingine. Njia inapita Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, na karakana ya mabasi nayo ilijengwa humo humo bondeni. Masika yakikolea, maji yanashuka kutoka juu huko na kufunga barabara kati ya Magomeni na Fire. Kwa hiyo Machi hadi Mei usiulize "mwendokasi upo?", maana kila mtu atakujibu upo. Uliza "Jangwani panapitika?" Jibu likiwa hapana, magari yanazungukia Kigogo, nako kukikataa mnabaki na Daraja la Selander na lile la Tanzanite lililoanza kutumika 2022. Yaani nusu ya mji inapita mlango mmoja. Siku hiyo mpigie bosi mapema, kabla hajakupigia yeye.

Hakuna gari kabisa

Saa tano usiku, kituo cheupe. Chanzo: hesabu imetimia, suka kaenda kulala. Lililobaki moja litakuja na nauli yake mpya, "mia tano ongeza, usiku huu", na usipoongeza ataongeza mwingine. Hapo chaguo ni bajaji ya kuchangia, ambayo nayo inasubiri ijae, kwa hiyo rudi juu kabisa usome kuhusu gari linalounguruma bila kuondoka. Au bodaboda. Ukichagua boda, patana bei kabla hajawasha pikipiki, mtajie kituo kinachojulikana halafu uelekeze uchochoro mkishafika, na ukiambiwa panda tu dada tutaelewana, usipande.